Mke wa Mwanangu

Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kutulia mahali pamoja. Mama ya nyanya yangu alizunguka pwani yote ya Uskoti, kutoka bandari hii hadi ile, akipasua samaki. Nyanya mwenyewe alipanda meli akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, akaja Kenya kuwashonea nguo wake wa masetla, na hata alipozeeka hakuweza kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Alikunywa akitembea, toka dirisha hili hadi lile, kisosi mkononi. Mimi nimehama nyumba mara nyingi hata watoto wangu wakiniona nimeshika kamba na katoni huuliza tu, "Sasa ni wapi tena, Mami?" Kati ya wanawake hao wote ni mama yangu peke yake aliyejua kungoja, na yeye hakuwa Mskoti.

Nasema haya mapema ili mtu asinionee huruma bure. Nilichoharibu nilikiharibu kwa haraka yangu mwenyewe na haraka ya nyanya, tukiwa wawili ndani ya gari moja. Haraka haraka haina baraka, kila mtu anajua, lakini methali ni kitu ambacho mtu hukumbuka akishafika.

Baba yangu alikuwa mtoto wa pekee wa nyanya. Alikuwa fundi wa mashine katika shamba moja kubwa la kahawa nje ya Ruiru, na mama alikuwa mmoja wa wanawake wa kuchambua, wale waliokaa kwenye meza ndefu wakitoa punje mbovu kwa vidole huku punje nzuri zikipita. Wakapendana. Basi badala ya kufanya mambo kwa siri kama Wazungu wengine walivyofanya, baba alihamia chumba cha mama katika laini za wafanyakazi, zile safu za vyumba vya shamba, saa nne asubuhi, kitanda chake cha chuma kimebebwa mbele na yeye nyuma ameshika godoro. Akapeleka mbuzi na pombe kwa babu yangu kule Githunguri. Babu akanywa, wazee wakanywa, na kwa desturi ya Kikuyu mama akawa mke wa mtu.

Kwa desturi ya nyanya hakuwa kitu. Hakukuwa na kanisa, hakukuwa na ofisi, hakukuwa na cheti. Nyanya alikuwa mjane akiishi palepale Ruiru. Alipopata habari za kile kitanda alifunga cherehani yake ndani ya sanduku, akahamia Thika, na hakuwahi kukanyaga chumba chetu. Baba naye hakukaa. Vita vya Wazungu vilipomfikia alienda navyo mpaka Bama, ng'ambo ya bahari, na huko akazikwa. Mimi nilikuwa sijaota meno alipoondoka.

Lakini mama alikuwa ameshafanya jambo moja. Kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Mama hakumwomba mtu ruhusa. Aliniita jina la yule Mskoti wa Thika, jina zito ambalo majirani walilivunja kila mmoja kwa namna yake, na mara moja kwa mwaka alinisugua kwa jiwe la mto, akanipandisha gari la moshi, akanipeleka nikaonekane. Tulisimama nje kwenye veranda. Nyanya alitoka na kikombe chake.

"Toto nakula mzuri?" angeuliza, kwa kile Kiswahili cha masetla.

"Anakula, Memsaab."

"Nasoma?"

"Anasoma, Memsaab."

Kisha angeingia ndani na kurudi na gauni. Kila mwaka gauni jipya, na kila mwaka lilinikaa barabara, ingawa hakuwahi kunipima. Jina langu, ambalo lilikuwa lake, hakulitamka. Mimi pia nilimwita Memsaab, kama watu wote. Tukiwa njiani kurudi mama alikuwa na furaha ambayo ilinikera. "Umeona?" alisema. "Shosho yako anakujua mwili. Mtu hawezi kumshonea mtu asiyemjua." Mimi nilijikuna shingo kwa ile kola ngumu na nikataka tu kufika.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, na serikali ilikuwa imeshatangaza Hali ya Hatari dhidi ya Wakikuyu waasi, watu wake walipokuja kutupanga. Asubuhi moja watu wote wa laini tuliambiwa tutoke na tukae chini kati ya vitanda vya kukaushia kahawa. Palikuwa na meza iliyotolewa ofisini, karani na daftari, ofisa Mzungu aliyechoka, na homgadi, walinzi Waafrika wa serikali, wenye mikuki. Waliohitajika na shamba walibaki upande mmoja. Wengine, na mama alikuwa kati ya wengine, walikuwa wapelekwe kwa malori hadi vijiji vipya mbalimbali, mama hadi kile cha upande wa juu, kupita Gitothua, kijiji kilichozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Tulikuwa tumesikia habari za vijiji hivyo. Watu walitoka kwa filimbi na kurudi kwa filimbi, na mchana wote walichimba.

Mama alininong'oneza tukiwa tumekaa. "Wakikuuliza jina, sema lote. Sema pia kwamba shosho yako yuko Thika. Wamwite."

"Na wewe?"

"Akikukubali wewe amenikubali mimi. Nani anachukua ndama akaacha ng'ombe?"

Nikasimama, nikasema jina langu lote. Karani akainua kichwa. Ofisa akanitazama ngozi, akatazama daftari, akaguna. Simu ilipigwa, na saa sita haijafika nyanya akaingia uani na gari lake kuukuu lenye mbao nyuma, kofia imekwenda upande.

Ofisa akamuuliza kwa Kiingereza, na Kiingereza hicho nilikielewa. Huyu mtoto ni wako?

"Ni mtoto wa mwanangu," nyanya alisema. Alisema bila kusita, na akalitaja jina langu, mara ya kwanza. Niliona mabega ya mama yakishuka, kama mtu aliyetua debe.

Na mwanamke huyu, ofisa akauliza, ni mke wa mwanao?

Nyanya akamtazama mama. Nataka kuwa wa haki kwake: hakuonekana mwenye chuki. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na anajua hakimo.

"Hawakufunga ndoa," akasema. Halafu akamgeukia mama, akamweleza kwa Kiswahili, kana kwamba alidaiwa maelezo hayo, "Mimi hapana sema uwongo."

Basi ikawa hivyo. Ndama alichukuliwa. Mama alipanda lori kwa miguu yake mwenyewe, hakusukumwa, na mimi nilishikwa kiuno na nyanya huku nikimpiga mateke, na ninajua yalimuumiza kwa sababu alichechemea wiki nzima.

Nikawa mtu wa Thika. Nilipewa chumba chenye pazia, shuka, na Biblia. Asubuhi tulikula uji mzito wa nafaka ya kwao, wenye chumvi badala ya sukari, na nyanya aliula akiwa amesimama. Alinifundisha Kiingereza, akanifundisha kupinda nguo kwa mshono usioonekana. Hakuwahi kunipiga, hata mara moja. Hilo lilinichoma zaidi, kwa sababu mtu anayekupiga unaweza kumchukia ukapumzika. Mimi sikupumzika. Nilizunguka ile nyumba mpaka mbwa akachoka kunifuata. Mara mbili nilitorokea stesheni na mara mbili mkuu wa stesheni alinirudisha, akinishika sikio kwa upole kama mtu aliyeokota kuku wa jirani.

Baadaye yule ofisa alipita kwetu kwa shughuli nyingine, akakaribishwa chai, na nyanya akamuuliza habari za mama, kama angetolewa kule kwa kupewa kazi nyumbani kwetu. Nilikuwa nyuma ya mlango. Ofisa alisema kazi isingesaidia. Siku hizo Mkikuyu hakupewa kibali cha kuhamia Thika kwa kazi mpya. Jamaa, hilo lilikuwa jambo lingine. Kama mama angekuwa mkwe wa nyanya, na nyanya aseme hivyo na kumdhamini, na mama mwenyewe akubali, karatasi zingetengenezwa. Zingechukua wiki kadhaa, lakini zingetengenezwa.

Kuanzia siku hiyo nilijua kwamba kutolewa kwa mama kule handakini kulitegemea maneno manne. Ni mke wa mwanangu. Niliyadai kila siku. Niliyadai tukishona, tukila, tukitoka kanisani. Nilimwambia kwamba babu alikunywa pombe ya baba, yeye alitaka nini zaidi? Nyanya alijibu lilelile: pombe si cheti, na yeye hasemi uwongo mbele ya serikali wala mbele ya Mungu. Ukimsukuma zaidi alichukua kikombe chake akaenda dirishani. Nilimchukia mgongo ule. Naweza kuuchora hadi leo.

Kilichombadilisha kilitoka kwao. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, mwaka wa pili au wa tatu wangu Thika, na barabara ilikuwa tope hadi magotini, hata nyanya hakuweza kutoka. Alipata barua ya dada yake kutoka Uskoti. Alipoisoma alianza kuzungumza, kwa Kiingereza, bila kunitazama, na mikono yake ikitafuta kitu cha kushika. Dada yake alikuwa amelipia jiwe la kaburi la mama yao, na mchonga mawe alitaka kujua aandike marehemu alikuwa mke wa nani.

"Kwa nini haijulikani?" niliuliza.

Ndipo akanieleza. Mama yao alikuwa mmoja wa wasichana waliofuata mashua za samaki. Mashua zikishuka kusini, wasichana hao walishuka pamoja nazo kwa treni, wakilala vibandani watatu kitanda kimoja, vidole wamevifunga vitambaa ili kisu kisiwakate, kwa maana chumvi ya mapipa iliingia kwenye kila kidonda. Katika bandari moja ya Uskoti alikutana na mtengeneza mapipa. Hawakuwa na muda wa mchungaji. Mashua zilikuwa ziondoke kesho yake. Basi wakasimama jikoni pale wasichana walipopanga chumba, mbele ya wasichana wawili aliokuwa akipasua nao samaki. Mwanamume akasema, huyu ni mke wangu. Mwanamke akasema, huyu ni mume wangu. Wakala mkate, wakaenda kazini.

"Halafu wakafunga ndoa lini?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa," nyanya alisema. "Kwetu, zamani zile, sheria ilikubali. Ukisema mbele ya mashahidi, imekwisha. Kanisa lilinuna. Watoto shuleni walituita majina mabaya. Lakini mama yangu alikuwa mke, na mtu akibisha aliletewa mashahidi."

Aliposema majina waliyoitwa shuleni shingo yake ilibadilika rangi. Kwa mara ya kwanza nikamwona akiwa mtoto, na gauni la kushonewa, akijibu matusi. Nikaelewa kwa nini alitaka cheti, cheti, cheti. Ningeweza kuishia hapo na kumshika mkono. Lakini mimi si mtu wa kuishia hapo.

"Baba alihama na kitanda mchana," nilisema. "Laini nzima iliona. Alimwambia babu mbele ya wazee, huyu ni mke wangu. Basi mama yangu na mama yako wana tofauti gani?"

Nyanya alikunja barua, akaikunjua. Akaenda dirishani bila kikombe. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikarudia kuvihesabu. Mwishowe akasema, kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili, "Hapana tofauti."

Nililia kwa sauti. Nilimrukia kiunoni, mimi na yeye tukayumba. Na palepale, machozi hayajakauka, nikaanza kumhimiza: twende, twende sasa.

Alitaka kumwandikia ofisa kwanza. Nilisema barua itachelewa. Alitaka tungoje barabara ikauke. Nilisema gari la mbao limeshapita kwenye matope mabaya zaidi. Kama kungekuwa na mtu mzima mwenye akili katika nyumba ile angetufungia mlango. Lakini tulikuwa sisi wawili, na yeye alikuwa ameshaanza kufunga kofia. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba macho yake yalikuwa yaking'aa. Alisema jambo lenyewe lisifanywe ofisini, mlango umefungwa, watu wawili na wino. "Mama yangu alisema mbele ya watu," alisema. "Mbele ya watu, au si kitu." Nami nikaona hilo ni jambo zuri kupita yote niliyowahi kusikia. Nilitaka dunia nzima isikie. Nilitaka wale homgadi wasikie, na yule karani.

Tulikwama mara tatu kati ya Thika na Ruiru. Nilisukuma, nikarukiwa na tope hadi masikioni, nikacheka. Ofisini Ruiru nyanya alimchukua ofisa kama mtu anavyochukua mwavuli wake, akampakia, tukaenda juu kupita Gitothua.

Wanawake walikuwa nje ya handaki, kwenye mteremko, wanachimba matuta. Walikuwa wengi, labda mia, na wote walikuwa wamenyoa vichwa na kuvaa mavazi ya rangi moja ya udongo. Nilimtafuta mama nisimwone. Nilimtafuta tena. Halafu nikaona mtu anayeinua jembe taratibu kuliko wenzake, bila kupoteza pigo, na nikajua ni yeye kwa sababu ndivyo alivyochambua kahawa.

Filimbi ikapigwa. Wanawake wakasimama. Homgadi wakawapanga, ofisa akashuka na daftari, na nyanya akatembea mpaka mbele yao, viatu vimejaa matope, akamnyooshea mama kidole.

"Huyu bibi ya kijana yangu!" alisema kwa sauti yake yote. "Nasikia? Bibi ya kijana yangu. Na mimi mama yake. Nyinyi wote shahidi!"

Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Nilikuwa nimesimama kando ya nyanya, kofia ya kanisani kichwani, soksi zimekuwa kahawia, nikingoja mama atupe lile jembe.

Wanawake walianza kugeuka. Hawakumtazama nyanya. Walimtazama mama. Aliyekuwa karibu naye kulia alisogea hatua moja kando, kisha wa kushoto akasogea, polepole, mpaka pakawa na nafasi kumzunguka mama.

Karani wa kijiji akauliza, "We mama, ni kweli? Wewe ni bibi ya kijana ya huyu Memsaab?"

Mama alitutazama. Uso wake haukuwa na kitu.

"Simjui," akasema.

"Na huyu msichana?"

"Simjui. Mimi sijawahi kuzaa."

Nilimwita. Nilimwita kwa Kikuyu, mara moja, na homgadi mmoja akacheka. Mama aliinama akachukua jembe lake. Ofisa, ambaye tope lilimfika magotini na ambaye hakuwa ametaka kuja, aliandika katika daftari kwamba mwenyewe amekataa, akalifunga. Nyanya alianza kusema kwa Kiingereza kwamba kuna makosa, kwamba yeye anamjua mwanamke huyu miaka yote, lakini ofisa alishaingia garini.

Ilinibidi nikue kidogo ndipo nielewe, na wale ambao hawakuishi siku hizo huenda wakahitaji kuelezwa. Watu wa shamba letu walitawanywa vijiji mbalimbali, na mama alikuwa ameingia kijiji kile peke yake, hajulikani na mtu. Ndani ya handaki, mwanamke mwenye Mzungu wake alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Watu walichukuliwa kwenda kuhojiwa na hawakurudi, na kila mara swali lilikuwa: nani aliyesema? Kwa hiyo mama alimficha baba, akamficha nyanya, akanificha mimi. Aliwaambia kwamba ni tasa na mume alimwacha kwa sababu hiyo. Kwa uwongo huo alipata majirani, alipata wa kumwazima chungu. Na karatasi, ofisa alisema mwenyewe, zilihitaji wiki kadhaa. Wiki hizo angelala katikati ya watu ambao sasa wangemjua kuwa mke wa Mzungu, amedhaminiwa na Mzungu. Kama tungemwita pembeni, ofisini, mlango umefungwa, watu wawili na wino, angesema ndiyo na kupiga kidole gumba.

Nyanya ndiye aliyeelewa kwanza. Tulipofika darajani alisimamisha gari akashika usukani kwa mikono yote miwili. "Tumemfanyia nini?" aliuliza. Nilikuwa nikisema moyoni kwamba mama amenikataa, na nilisema hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kubeba kuliko ile kweli nyingine.

Nyanya aliandika barua baada ya barua. Jibu lilikuwa moja: mwenyewe amekataa, jambo limefungwa. Mwaka ukaisha. Mwingine ukaanza. Nilifika miaka kumi na sita, nikawa mshonaji mzuri na mtu mbaya wa kukaa naye. Nyanya alizeeka ghafla. Kila mgeni aliyekuja kwetu, awe mchungaji, awe mwuza nyama, nyanya alimwambia bila kuulizwa kwamba mwanawe alikuwa na mke, na kwamba mke yuko Ruiru. Wazungu wenzake waliacha kuja. Hakuonekana kuwakosa.

Halafu mahandaki yakaanza kufukiwa na watu wakaanza kuruhusiwa. Siku moja ya jua mama aliingia uani kwetu Thika akitembea, kutoka Ruiru, na kifurushi mgongoni. Hakupanda veranda. Alizunguka nyuma, akabisha mlango wa jikoni.

Nyanya alifungua. Walisimama hivyo, wazee wawili, ingawa mama alikuwa hajafika hata arobaini.

"Mimi nakosa," nyanya alisema. "Nakosa sana."

"Ulisema ukweli, mama," mama alimjibu. Alimwita mama, hakusema Memsaab. "Uliusema tu mahali pabaya. Una maji ya kunywa?"

Akapewa maji, akapewa kiti, akapewa sahani ya viazi na nyama. Nyanya akatoka nje, nadhani kulia, kwa sababu alienda kusimama nyuma ya tangi la maji. Mimi nilibaki nimeegemea ukuta. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno kwa karibu miaka miwili, na yalipotoka yalitoka kama ya mtoto mdogo.

"Ulisema hunijui."

"Nilisema."

"Ulisema hujawahi kuzaa."

Mama hakuwa ameshika chakula bado. Mikono yake ilikuwa na sugu mpaka juu ya viganja, na alikuwa ameiweka mezani kama vitu vya mtu mwingine.

"Nilikutambua gari likiwa bado ng'ambo ya mto," alisema. "Nikasema, Ngai, mtoto amekonda hivi? Yule karani akiniuliza maswali yake, mimi nilikuwa nakuangalia mikono tu. Niliinama kwa lile jembe ili nisikimbie kuja kukushika hiyo mikono. Kutoka siku hiyo sijala nikashiba. Kila nikishika chakula najiuliza, kwani huko Thika wanampa nini?"

Akaisukuma sahani yake mpaka upande wangu wa meza.

"Kula," akasema.

"Mama, hiyo ni yako. Umetembea kutoka Ruiru."

"Kula nikuone."

Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake, nikala kiazi cha kwanza, nikala cha pili, nikamaliza sahani yote, na yeye hakuondoa macho yake kwangu hata mara moja.